Gari za zamani za Kimarekani: jinsi ya kubishana na wenye nazo ukiwa na hoja mkononi

Wakuu, huku Michigan kuanzia mwezi wa tano, baridi ikishaondoka na mvua ikishaosha ile chumvi wanayomwaga barabarani kuyeyusha barafu, wazee wanatoa gari zao za zamani na jioni wanazipaki kwenye viwanja vya maduka, boneti wazi, viti vya kukunja pembeni, na ubishi unaanza hapohapo. Kilele chake ni Agosti, Jumamosi ya tatu, watu wanajaa Woodward Avenue juu ya Detroit kuelekea mji wa Pontiac, gari kwa maelfu, na kila baada ya hatua kumi unakuta wawili wamesimama, mmoja anasema gari zilikuwa zile bana, hizi za leo plastiki tupu, mwenzake anamwambia zile zilikuwa majeneza yenye matairi. Nimesikiliza huo ubishi miaka kadhaa na nimeshiriki sana, mi mwenyewe nina Plymouth Valiant ya 1965 (Plymouth ilikuwa nembo ya Chrysler), na nimeona Waswahili wenzangu tunaohamia huku tunaingia mikono mitupu kwa sababu tumekulia kwenye Corolla, Peugeot 504 na Land Rover, hizi za Kimarekani tuliziona kwenye picha tu. Nataka ukisimama pale usikilizwe, kwa hiyo naandika ninavyofanya mimi.

Cha kwanza kabisa, usikubali kubishania "gari za zamani". Mtu akianza hivyo muulize ipi, ya mwaka gani, ina injini gani. Hapo ndo ubishi nusu unaisha wenyewe, maana mara nyingi anayesifia ana picha ya 1957 kichwani na anayeponda anakumbuka 1977, na hizo ni dunia mbili tofauti kabisa. Mi kichwani nimeweka mipaka miwili. Wa kwanza ni Septemba 1966, Rais Lyndon Johnson aliposaini sheria ya usalama wa magari, kabla ya hapo kiwanda kilijiamulia chenyewe kikupe nini. Wa pili ni Oktoba 1973, nchi za Kiarabu ziliponyima Marekani mafuta, bei ikapanda, foleni vituoni, mwaka uliofuata mwendo ukashushwa nchi nzima mpaka maili 55 kwa saa, yaani kama kilomita 88. Gari ikiwa ya kabla ya 1966 tarajia umbo zuri, injini nzuri na usalama duni. Kati ya hiyo mipaka miwili unapata nguvu nyingi na usalama unaanza kuingia. Baada ya 1973 hadi mwanzoni mwa miaka ya 80, injini zimebanwa pumzi ili zisitoe moshi mchafu na bampa ni kubwa kama benchi la kanisani. Ukijua hivyo tu, tayari umewazidi wengi waliosimama pale.

Pili, amueni mnailinganisha na nini. Ukiilinganisha Valiant yangu na gari ya mwaka huu hakuna ubishi, imeshindwa kila kitu. Ilinganishe na walichokuwa wanaendesha Wajerumani au Wajapani 1965 uone. Giaboksi otomatiki kamili ya General Motors ilianza kuuzwa kwenye Oldsmobile za mwaka wa 1940, na mwaka huohuo Packard ikawa na kiyoyozi. Kufika katikati ya miaka ya 60 mtu wa kipato cha kawaida huku anaendesha gari otomatiki yenye hita inayofanya kazi kwelikweli, nafasi ya watu sita, wakati Ulaya mwenzake yuko kwenye Beetle ya injini inayopozwa na upepo anafuta barafu kioo cha ndani kwa mkono. Hiyo ni sifa ya kweli na usimnyime mtu.

Sasa tuje kwenye hospawa, yaani kipimo cha nguvu ya injini, hapa ndo watu wanadanganyana bila kujua. Mzee atakwambia Cadillac Eldorado ya 1970 ilikuwa na hospawa 400, halafu serikali ikaja ikaiua, 1972 ikabaki na 235. Namba zote mbili ni sahihi, ila hazikupimwa kwa namna moja. Mpaka 1971 injini ilikuwa inapimwa peke yake juu ya stendi, haina feni, haina alteneta, haina kifaa cha kuchuja hewa, eksozi ya wazi ya maabara, taimingi, yaani wakati wa cheche kuwaka, imesetiwa vizuri mno. Kuanzia magari ya 1972 wakapima ikiwa imevaa kila kitu kama inavyokaa ndani ya gari. Ushahidi mzuri ni huyo huyo Eldorado wa 1971: kompresheni, yaani kiasi injini inavyobana hewa na petroli, ilikuwa imeshashushwa ili itumie petroli yenye risasi (madini ya lead) kidogo, bado ikaandikwa 365, mwaka uliofuata injini ileile ya inchi za ujazo 500, lita 8.2, ikaandikwa 235. Hospawa 130 zimepotea kwenye karatasi, barabarani hakuna kilichobadilika. Kwa hiyo muulize mtu, namba yako ni ya kabla ya 72 au baada? Lakini na wewe kuwa mkweli, ile ya kutoka 400 kwenda 365 ni nguvu iliyopotea kweli, na miaka iliyofuata ziliendelea kushuka, Corvette ya kawaida ya 1975 ilikuwa na hospawa 165. Corvette! Mzee akiumia juu ya hilo, ana haki ya kuumia.

Hoja nzito kuliko zote ni ya chuma, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ni suala la uhai wa watu. Utaambiwa "hii ni chuma bwana, gonga fenda usikie, ukigongana na hizi za sasa unaipasua vipande". Mwaka 2009 taasisi ya usalama barabarani inayolipiwa na makampuni ya bima, IIHS, ilikuwa inatimiza miaka 50, ikachukua Chevrolet Bel Air ya 1959 ikaigonganisha na Chevrolet Malibu ya 2009, uso kwa uso lakini upande wa dereva kwa dereva, kila moja ikienda maili 40 kwa saa. Video ipo na kila mtu anaijua. Kwenye Malibu dereva angetoka na jeraha dogo la goti. Kwenye Bel Air mlango ulifunguka, kioo cha mbele kikatoka, usukani ukarudi ndani, yule mwanasesere wa majaribio angekuwa mtu angekufa. Ukiitumia video hiyo uielewe vizuri, maana watu wanaamini shida ya gari za zamani ni kwamba hazikunjiki. Zinakunjika! Tatizo zinakunjikia pabaya, pale ulipokaa wewe, wakati mpya imetengenezwa pua ijikunje ili chumba cha abiria kibaki kizima.

Mpinzani mwenye akili atakujibu na majibu yake uyajue mapema. Atasema ile Bel Air ilikuwa imeoza, si uliona vumbi jekundu lilivyoruka? Waliofanya jaribio wanasema fremu ilikuwa imara, lile ni vumbi na kutu ya juu juu iliyokaa miaka 50. Atasema haikuwa na injini, ilikuwa nayo, ya silinda sita. Halafu atatoa hoja nzuri kweli: Chevrolet za kuanzia 1958 mpaka 1964 zilikuwa na fremu yenye umbo la X, katikati imebana, pembeni hakuna mhimili wowote wa kumkinga dereva, kwa hiyo ulichagua gari dhaifu kuliko wenzake wa wakati ule. Hapo mkubalie, ni kweli. Kisha mrudishe kwenye vitu ambavyo havikutegemea fremu: usukani kwenye nguzo ya chuma kigumu iliyoelekea kifuani, nguzo zinazojikunja General Motors iliziweka kwenye magari ya 1967. Mkanda wa begani ukawa lazima kuanzia Januari 1968. Mwaka 1966 walikuwa wanakufa watu zaidi ya 5 kwa kila maili milioni 100 zinazoendeshwa, siku hizi ni mmoja na ushee. Hiyo haikuja kwa bahati. Ila kwenye kugongana kwa mwendo wa kuegesha, ile bampa ya kromu unaifuta na kitambaa unaondoka, na mwenye gari ya leo analipa rangi, kamera na sensa. Hilo mpe mzee lote.

Na mi hilo la usalama silisemi kwa kusoma tu. Gari nyingi za kawaida za Kimarekani za umri wa Valiant yangu zina breki za saketi moja, mafuta ya breki yanatoka kwenye silinda kuu moja kwenda matairi yote manne, mahali popote pakivuja umepoteza zote. Kuanzia 1967 ndo wakagawa mbili, mbele na nyuma. Jioni moja nakaribia taa nyekundu, raba ya silinda ya gurudumu la nyuma ikaachia, pedali ikaenda mpaka chini kama nimekanyaga mto, nikashusha gia mpaka ya kwanza, hendibreki ikamalizia, nikasimama katikati ya makutano wakati taa kwangu bado nyekundu. Hakuna aliyeumia. Wiki ileile nikafunga silinda kuu ya saketi mbili, na mtu yeyote anayeniambia kuibadilisha ni kuharibu uasili wa gari huwa namsimulia hiyo halafu namwacha.

Baada ya hapo utashangaa nikikwambia naipenda kuliko gari yoyote niliyowahi kumiliki, na hapa ndo upande wa pili wa ubishi. Injini yake ni ile silinda sita ya Chrysler iliyolala upande digrii 30, ilitoka 1960, watu wote huku wanaiheshimu hata wa Ford. Boneti ikifunguka unaona ardhi. Plagi, kabureta, distribyuta, vyote mkono unafika na spana tatu nne zinatosha. Siku moja ikaanza tabia, ukizungusha ufunguo inawaka, ukiachia ufunguo inazima, ukizungusha inawaka, ukiachia inazima. Mtu wa gari ya kisasa hapo anaita gari la kukokota. Kwenye Chrysler za miaka hiyo ni rezista ya kauri nyeupe iliyofungwa kwenye ukuta wa nyuma ya injini, wakati wa kuwasha umeme unaipita pembeni, ukiachia ndo unapitia kwake, ikikatika injini inazima. Skrubu moja, dakika tano, dola chache, na ya akiba inakaa ndani ya droo ya dashbodi. Ukitaka kutetea gari hizi, tetea hivi, kwa kifaa na tatizo lake. Usiseme tu "zilikuwa rahisi", onyesha urahisi ulipo.

Lakini urahisi huohuo una gharama, na mpinzani wako akiwa fundi atakubana. Platini za distribyuta zinaisha unazisugua na kuziseti upya, chini kuna nipeli za grisi zinataka grisi kila mara, kabureta asubuhi ya baridi inataka kubembelezwa, breki za ngoma zinataka kukazwa. Gari inatengenezeka kirahisi na pia inakudai kila wikiendi. Ipo na hii, ni hoja ninayoipenda sana: angalia mita ya maili ya gari za wakati ule, nyingi zina tarakimu tano tu, ikifika 99,999 inarudi sifuri. Waliozitengeneza hawakutegemea nyingi zivuke hapo, ambapo ni kama kilomita 160,000. Corolla ya kule nyumbani kilomita hizo ndo kwanza inapata dereva wa tatu. (Kingine kidogo ukienda kumsaidia mtu wa Chrysler ya zamani kubadili tairi: nati za upande wa kushoto zinafunguka kwa kuzungusha kulia, kama mshale wa saa, kinyume na zote ulizozoea, bolti imeandikwa L kwenye ncha. Wengi wamezikata kwa nguvu zao wenyewe.)

Ubishi ukihamia kwenye gari mbovu zenye majina, kuna tatu utazisikia kila siku. Pinto ni fupi: Ford, 1971 mpaka 1980, tangi la mafuta lilikaa nyuma ya ekseli karibu na bampa, ikigongwa nyuma ilikuwa inaweza kulipuka moto, 1978 zikaitwa kurudi kurekebishwa kama milioni moja na nusu pamoja na dada yake wa Mercury, nembo nyingine ya Ford. Sioni cha kutetea hapo.

Vega ya Chevrolet inasikitisha zaidi kwa sababu ilikuwa nzuri kuitazama na wazo lilikuwa kubwa, hata jarida la Motor Trend liliipa tuzo ya gari ya mwaka 1971. Bloku ya alumini isiyo na sileevu za chuma, pistoni inatembea juu ya alumini yenyewe. Rejeta ndogo, ikipata joto mara moja silinda zinapinda, kuanzia hapo inakula oili mpaka inaacha moshi nyuma, na fenda za mbele zinaoza ikiwa bado unailipia mkopo. Ukiambiwa "gari za Japani ziliiteka Marekani kwa ujanja wa bei", itaje Vega. Mteja aliyeozewa fenda hakuhitaji kushawishiwa na mtu kwenda Toyota.

Ya tatu ni Corvair, na hii ndo utaitumia kumpima unayebishana naye kama anasoma au anakariri. Injini nyuma, inapozwa na upepo, 1960 mpaka 1969. Ralph Nader, mwanasheria mtetezi wa wateja, aliishambulia kwenye sura ya kwanza ya kitabu chake cha 1965 na tangu hapo kila mtu anajua Corvair inaua. Kilichokuwepo ni hiki: za 1960 hadi 63 zilikuwa na ekseli ya nyuma ya kubembea, ukiikata kona kwa nguvu gurudumu linaweza kujikunja chini ya gari, na kiwanda kikategemea upepo wa matairi uweke mambo sawa, paundi 15 mbele na 26 nyuma, sasa kijana wa kituo cha mafuta anajaza zote sawa, gari inabadilika tabia. 1964 wakaongeza springi nyuma, 1965 wakaibadili sasipensheni yote, kwa hiyo kitabu kinatoka tatizo limeshatengenezwa. Na 1972 serikali yenyewe ikatoa ripoti kwamba zile za mwanzo hazikuwa hatari kuliko magari mengine ya wakati wake waliyolinganisha nayo. Mtu akikwambia Corvair, muulize ya 62 au ya 66. Akishtuka, umejua. Ila usiitumie ripoti ile kumfanya Nader mwongo, kwa sababu sheria ya 1966 ilisukumwa na watu kama yeye, na mikanda tunayofunga leo ilitoka huko.

Kuna hoja ya Havana nayo haikosi. "Mbona Cuba zinatembea mpaka leo, taksi kabisa?" Ni kweli zipo, zilinunuliwa kabla ya mapinduzi ya 1959, vikwazo vikaja, spea zikakatika, mafundi wa kule wakafanya maajabu ambayo fundi wa Gerezani au Gikomba angewavulia kofia. Ila fungua boneti, nyingi utakuta injini ya dizeli ya Mrusi, Mjapani au Mkorea, na breki za gari nyingine kabisa. Kilichodumu ni bodi na fremu, na Havana hawamwagi chumvi ya barafu barabarani. Gari ileile hapa Michigan ingeshakuwa kutu kitambo, ndo maana watu wanafuata bodi Arizona kwenye ukame.

Kwenye mafuta usipoteze muda, wamarekani wenyewe walipima, gari mpya za 1975 kwa wastani zilienda maili 13 kwa galoni, ni kama kilomita 5 na nusu kwa lita. Valiant inanipa kama 8, na hiyo ni ndogo yao. Kuhusu risasi kwenye petroli mi huwa mkali. Wapo wanaosema petroli ya zamani ilikuwa tamu kwa valvu, na kweli ilikuwa inalinda viti vya valvu, lakini iliharibu akili za watoto waliokaa karibu na barabara, kwa gari za barabarani Marekani ikapigwa marufuku kabisa 1996 na kwetu kusini mwa Sahara ikaondoka kufika 2006. Viti vya chuma kigumu vinafungwa wakati wa oveho na injini inaendelea na maisha.

Na namna ya kuongea pia ni sehemu ya kazi. Mwenye gari mara nyingi ni mtu wa miaka 70, baba yake alifanya kazi kwenye kiwanda kilichoitengeneza, kiwanda kimeshabomolewa. Ukimwambia gari yako takataka umemwambia na baba yake. Salimia, uliza umeipata wapi, sikiliza hadithi yote, halafu ndo uliza swali lako. Na jua mwamba ngoma huvutia kwake: zilizosimama pale ni zile chache zilizopendwa, mbovu ziliyeyushwa zamani kwa hiyo huzioni, usiache mtu ahukumu mwaka mzima wa kiwanda kwa gari moja iliyolelewa kama yai.

Ikiwa ubishi ni wa thamani ya pesa, angalia namba badala ya nembo. Pontiac GTO ya 1966 namba ya chesisi inaanza na 242, ya 64 na 65 haikwambii chochote kwa sababu GTO wakati huo ilikuwa ni nyongeza uliyochagua juu ya gari nyingine, unahitaji makaratasi ya kiwanda. Nembo zinauzwa madukani. Beba sumaku ndogo umeifunga kitambaa usimchubulie rangi, omba ruhusa, pitisha chini ya milango na nyuma ya magurudumu. Isiposhika, pale kuna filla, ule udongo wa kuziba kutu na mabonde kabla ya rangi. Mi sikubeba siku nanunua ya kwangu, na aliyeniuzia aliapa ni chuma kitupu.

Na kama bado hamjaelewana kuhusu injini, mwambie usiiwashe kesho, nakuja kwako asubuhi ikiwa baridi. Ukifika shika boneti kwa mkono ujue hajakuwahi. Akanyage pedali mara mbili choki ifunge, azungushe ufunguo, wewe simama nyuma kwenye eksozi. Moshi wa bluu ukitoka kidogo ukaisha, sili za valvu zimechoka, si kazi kubwa. Ukiendelea hata ikishapata moto, mwombe kikombe cha kahawa, mkae, mzungumzie pistoni.